Tukienda Ujiji, Tunamtafuta Nani?



Tulipokuwa tukipanga matembezi ya siku moja kwenda Ujiji, mseminari mmoja aliinua mkono akauliza: "Baba, pale kuna nini zaidi ya sanamu za Wazungu wawili?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Ujiji ni karibu sana na Bangwe, na watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kupaona. Lakini waamini wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kuingia kwenye lile lango, na wengine walioingia wametoka na picha moja tu kwenye simu.

Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa kila jumuiya, kwaya au familia inayofikiria kufanya ziara hiyo. Nitaeleza yaliyopo, namna ya kuyatazama, na kwa nini mtu aliyebatizwa hapaswi kupita pale kama anapita dukani.

Kisiwa kinachokumbukwa kwa sababu ya mfungwa

Kwanza twende mbali kidogo. Katika bahari ya Ugiriki kuna kisiwa kidogo kiitwacho Patmo. Tunakijua kutoka sura ya kwanza ya Kitabu cha Ufunuo, kwa kuwa ndiko Yohane alikokuwa alipopata maono. Mapokeo ya Kanisa yanasema alipelekwa huko kama mfungwa, kwa sababu ya imani yake. Leo mahujaji hushuka kwenye pango linaloitwa Pango la Ufunuo, kisha hupanda mlimani kwenye monasteri ya Mtakatifu Yohane iliyoanzishwa na mtawa Christodoulos mwaka 1088. Mwaka 1999 UNESCO iliviweka vyote viwili, pamoja na mji wa kale unaovizunguka, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tazama jambo moja. Patmo ilikuwa chini ya Dola ya Roma, na bila shaka walikuwapo wakubwa wenye amri na askari. Nani anawakumbuka? Hakuna hujaji anayepanda meli kwenda kumtafuta ofisa wa Kirumi. Watu wanamtafuta mfungwa.

Ujiji mambo yamegeuka. Maelfu ya watu walifika pale wakiwa wamefungwa, wengine wakiwa wamebeba mizigo ya wengine, lakini jiwe la kumbukumbu linawataja wageni wawili waliokutana. Siwalaumu waliolijenga. Ninachosema ni kwamba anayekwenda Ujiji kwa jicho la Injili ana kazi moja ya ziada: kumtafuta yule ambaye jiwe halikumtaja.

Anza kwa kusimama ufukweni Bangwe

Kabla hujapanda daladala au bajaji kwenda Mwanga na Ujiji, simama kwanza ufukweni hapa kwetu. Siku ambayo hewa ni safi utaiona milima ya Kongo ng'ambo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na kina chake hufika mita 1,470. Hakuna ziwa refu kulizidi Afrika, wala lenye kina kulizidi.

Katika karne ya 19 maji haya yalikuwa barabara. Mitumbwi ilitoka ng'ambo ikiwa na pembe za ndovu na watu waliotekwa, ikaja kushusha upande wa Ujiji. Kutoka hapo msafara uliingia njia ya nchi kavu kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Tanzania imeipendekeza njia hiyo kwa UNESCO kama Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, na Ujiji ndio mwisho wake wa magharibi.

Kwa hiyo ukisimama Bangwe na kutazama maji, tayari umeanza ziara.

Mnara na mwembe

Ujiji utashuka kuelekea ziwani hadi penye Makumbusho ya Dkt. Livingstone. Kuna ada ya kiingilio, na kuna mwongozaji wa kukueleza. Utaona mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyopitiwa na msalaba, na jirani yake miembe inayotajwa kuwa ni uzao wa ule mwembe wa zamani. Ndani ya jengo kuna picha, maelezo, na zile sanamu mbili ambazo mseminari wetu alizitaja.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Richard Burton na John Speke walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1858. David Livingstone, mmisionari na tabibu kutoka Uskoti, alifika mwaka 1869, kisha akavuka kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 15 Julai 1871, akiwa Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiwamiminia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amevunjika moyo. Hapo ndipo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipomkuta. Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871.

Habari za mauaji ya Nyangwe zilipofika Uingereza ziliwachoma watu mioyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Ziwani kwetu iliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Wageni wengi huuliza mbona mnara uko mbali na maji, wakati inasemekana mji ulikuwa ufukweni. Jibu ni zuri kulijua. Zamani hizo mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Ziwa likawa linajaa. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alieleza kwamba michikichi aliyoiona sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takribani mita 10. Ndiyo maana ufukwe wa Livingstone leo ni nchi kavu.

Waliobeba

Sasa tuanze kazi yetu ya ziada. Stanley mwenyewe ameandika kwamba mtu wa kwanza kumkimbilia na kumsalimu pale Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Mwenzake aliitwa Chuma. Huyu alikuwa Myao, aliyekombolewa akiwa kijana mdogo kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika wangeweza kumzika na kurudi makwao, nani angewauliza? Lakini walikausha mwili wake, wakaufunga, na wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani, njia ya zaidi ya kilomita 1,600. Njiani wengine wao walifariki. Mnamo Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa kwenye misheni ya Kikatoliki ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ukienda Bagamoyo, misheni ile bado ipo.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Kati ya waliombeba, aliyekuwapo ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Huwa nawaomba waseminari wasimame kimya mbele ya mnara wa Ujiji na kuitafakari habari hiyo kwa dakika tano. Mtu anabeba maiti ya rafiki yake kwa miezi mingi, halafu siku ya mazishi hayupo kwenye benchi.

Na hao walau tunawajua majina. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, kichwani au begani. Na nyuma yao walifuata waliofungwa kwa minyororo na kwa magogo yenye panda shingoni. Hao hawakuandika barua wala kuhojiwa na gazeti. Wenyeji husimulia kwamba miembe mikubwa kando ya njia ya kale ilitokana na kokwa za maembe ambayo watu wa misafara walikula njiani. Ukipita chini ya kivuli chake, ujue unapita juu ya nyayo zao.

Wamisionari wetu, kwa ukweli wote

Mkatoliki hawezi kutoka Ujiji bila kuwakumbuka Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Padre Joachim Pascal, aliyekuwa amewekwa kuliongoza kundi la Tanganyika, alifariki njiani. Waliobaki walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Kutoka hapo imani ilitandaa kandokando ya ziwa: Rumonge upande wa Burundi, Kibanga na Mpala upande wa Kongo, Karema upande wetu. Huko Rumonge, tarehe 4 Mei 1881, waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na mlei msaidizi wao, D'Hoop.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika, akitiwa nguvu na Papa Leo XIII. Hilo ni fahari yetu, na tuna haki ya kulitaja.

Lakini tuseme ukweli wote. Wamisionari waliwakomboa watoto kwa kuwanunua, na wapo waliojiuliza hata wakati ule kama fedha hizo hazikuwa zinampa mfanyabiashara sababu ya kwenda kuteka wengine. Watoto waliokombolewa walilelewa katika vituo vya yatima, wakafundishwa, wakabatizwa, wakaoana, wakapewa mashamba katika vijiji vya misheni. Hata hivyo mara nyingi hawakuchagua waishi wapi wala chini ya nani. Minyororo ilikuwa imetoka, lakini uhuru kamili ulikuwa bado haujafika. Na kabla ya hapo, kwa karne nyingi, kulikuwa na Wakristo walionunua na kuuza watu katika Bahari ya Atlantiki. Mtakatifu Yohane Paulo II alipotembelea kisiwa cha Gorée, Senegal, mwezi Februari 1992, hakwenda kujitetea. Aliomba msamaha.

Hivyo mwongozaji akikueleza habari za Waarabu na Waswahili wenye misafara, usigeuke kumtazama jirani yako Mwislamu kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mnyororo. Babu zake huenda ndio waliofungwa. Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi na wenye ustaarabu wa kale. Sisi tunaingia kama wageni kwenye nyumba ya ndugu, na katika kosa hili hakuna dini inayoweza kunawa mikono kama Pilato.

Mtoto aliyepitia Malta

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake zinajibu swali la mseminari wetu vizuri kuliko sanamu zote. Anaitwa Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na kuvushwa jangwa la Sahara, na Wamisionari wa Afrika wakamkomboa huko Algeria. Walimsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Malta ndiko Mtume Paulo alikookoka baada ya meli kuvunjika, naye huko akawaponya wagonjwa, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 28. Na mtoto wetu huyu aliyenusurika alijifunza kuponya katika kisiwa hicho hicho.

Mwaka 1888 Atiman alianza safari ya kuja Tanganyika, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikaa hapo akiwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Alioa, akazaa, akazikwa kando ya ziwa hili. Aliyeuzwa kama mzigo akawa daktari wa watu wasiokuwa na daktari.

Karema ni mbali na Bangwe. Iko kusini, mkoa wa Katavi. Lakini unaweza kumkumbuka Atiman ukiwa Ujiji, kwa sababu ziwa ni lilelile. Ukiniuliza tunamtafuta nani tukienda kwenye kumbukumbu za utumwa, nitakujibu: tunawatafuta wenzake Atiman, waliokombolewa na ambao hawakukombolewa.

Stesheni na Liemba

Mkipata muda, rudini mjini Kigoma mtazame stesheni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ndiyo iliyomaliza habari ya misafara ya wapagazi, ingawa nayo ilijengwa kwa jasho la Waafrika chini ya utawala wa kigeni.

Meli ya Liemba ni kisa kingine. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na treni, ikaungwa tena Kigoma na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Ilikuja kuibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika alipofika kusini mwa ziwa.

Watalii hupenda kisa cha vita. Mimi huwakumbusha waseminari kwamba meli hiyohiyo iliyojengwa kwa ajili ya vita iliwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo mwaka 1997, na mwezi Mei 2015 iliwachukua Kagunga wakimbizi kutoka Burundi na kuwaleta Kigoma. Wengi wetu tuliwaona kwa macho yetu. Watu waliopoteza kila kitu bado wanavuka maji haya, na kumbukumbu ya Ujiji haijafungiwa ndani ya makumbusho.

Namna ya kuifanya ziara

Nashauri mambo machache.

Jiandaeni kabla. Jioni moja katika jumuiya someni Kitabu cha Kutoka, sura ya tatu, mahali Mungu anaposema kwamba amekisikia kilio cha watu wake. Mmoja asimulie habari za Susi na Chuma, mwingine za Atiman.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Vaeni kwa heshima. Mkiwakuta wazee barazani, waamkieni vizuri kwanza, kisha ndipo muulize njia au habari. Mzee wa Ujiji aliyepewa shikamoo yake atawaambia mambo ambayo hayamo kwenye kibao chochote. Msimpige picha mtu kabla hajakubali.

Mkiwa mbele ya mnara, kila mmoja ajiulize maswali matatu: Nani ametajwa hapa? Nani hakutajwa? Je, mimi nimesimama upande wa nani? Kisha kaeni kimya. Mkitaka kusali, salini kwa sauti ya chini, fungu moja la rozari linatosha.

Malizieni ufukweni, kwa mafundi wanaochonga na kuunganisha mitumbwi ya mbao. Nunueni kitu kwa mama anayeuza dagaa au mawese. Ziara isiyomfaidia mwenyeji hata kidogo ina kasoro.

Mkichagua tarehe, kuna siku inayofaa: tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudani aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto, na ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Siku hiyo Kanisa lote linasali dhidi ya biashara ya kuuza watu.

Swali la kurudi nalo nyumbani

Baada ya safari yetu, tukiwa tumekaa chini ya mti tunakunywa maji, yule mseminari aliyeuliza alikuwa kimya kuliko wote. Mwishowe akasema: "Baba, nyumbani kwetu kuna binti wa kazi. Aliletwa kutoka kijijini akiwa na miaka 12. Sijui kama analipwa. Sijawahi kuuliza jina la baba yake."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilimwambia likizo ikifika aanze na kuuliza jina hilo, kisha aongee na wazazi wake kwa adabu kuhusu mshahara na shule ya binti huyo. Alifanya hivyo. Mazungumzo hayakuwa mepesi, aliniambia, na mama yake alikasirika siku mbili. Lakini mwezi Januari binti alivaa sare ya shule.

Ndugu msomaji, huenda nauli ya kwenda Patmo hatutaipata. Ya Ujiji tunayo. Nenda, tazama mnara na mwembe, halafu ukirudi nyumbani mwulize jina yule ambaye hujawahi kumwuliza.